Kwa Upendo, Tanga: kuhusu usingizi na joto la chumba

Magomeni, Dar es Salaam
9 Februari

Mpendwa Upendo,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Pale uliposema umesinzia ukiwa umesimama ubaoni, chaki mkononi, pameniuma, kwa sababu nakujua: wewe si mtu wa kusinzia kazini. Halafu ukamalizia kwamba umeshaomba mkopo wa kikundi ununue kiyoyozi, kwa kuwa umesoma mahali kuwa chumba cha kulala kinatakiwa kiwe nyuzi joto 18. Naomba hiyo hela usiichukue kwanza. Nipe wiki tatu tu.

Mimi nilishuka pwani miaka 11 iliyopita, nikitokea Njombe kama wewe, na kaskazi yangu ya kwanza nililia. Nililala usingizi wa mang'amung'amu, nikageuza mto, nikahamia sakafuni, ikifika saa tisa niko macho nasikiliza mbwa wa jirani. Hakuna aliyenieleza mwili wangu unasumbuliwa na nini. Nimekuja kujua baadaye, kwa kusoma na kwa kupima mwenyewe.

Hiyo 18 si uongo, ila ina wenyewe. Ni ushauri wa nchi za baridi, kwa watu wanaojifunika kitu kizito usiku kucha. Kumbuka bweni letu la Njombe mwezi wa saba: karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu umeziba madirisha, na sisi kila mtu na blanketi mbili. Tulikuwa tunalala fofofo. Lakini ngozi zetu hazikuwa kwenye baridi ile. Ndani ya blanketi, hewa inayogusa mwili wa mtu aliyelala vizuri huwa kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi. Chumba baridi kilikuwa kinatuchukulia joto la ziada, basi. Kwa hiyo anayelala Tanga na kanga moja hana haja ya kuitafuta 18. Anahitaji joto lake lipate pa kutokea.

Maana usingizi unaanza kwa mwili kupoteza joto. Jioni joto la ndani linaanza kushuka, na ikikaribia alfajiri linakuwa limepungua karibu nyuzi moja. Njia yake kubwa ni viganja na nyayo: mishipa ya damu inatanuka, miguu inapata moto, joto linatoka. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kuwa watu wenye miguu yenye joto ndio wanaopitiwa na usingizi haraka. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama na beseni lake la maji ya moto, alivyokuwa anatulazimisha kutumbukiza miguu kabla ya kupanda kitandani. Sisi tulidhani ni usafi tu.

Kuna utafiti mwingine ambao kwangu ndio ulifungua kila kitu, na sehemu yake ulifanyika hapa hapa kwetu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofuatilia usingizi wa Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi, pamoja na jamii nyingine mbili za Namibia na Bolivia zinazoishi bila umeme. Hawalali jua likizama. Hukaa muda wa zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama ndipo walale, wakati hewa inaendelea kupoa, na huamka karibu na ile saa ambayo baridi ya usiku imefika mwisho wake. Usingizi wao unafuata hewa inavyoshuka.

Sasa tazama nyumba zetu. Bati juu, tofali za saruji pembeni. Ukuta unakunywa jua tangu mchana, halafu saa nne ya usiku, wewe umeshazima taa, ndipo unalitema joto lile ndani. Nilinunua kipimajoto kidogo cha ukutani nikaandika kwenye daftari. Saa tano usiku nje kulikuwa na 27, chumbani kwangu 31! Alfajiri nje 25, ndani bado 29. Mwili unangoja chumba kipoe, chumba hakipoi. Na usiku wa manane, kwenye usingizi wa ndoto, uwezo wa mwili kujipoza unapungua, ndiyo maana joto hukuamsha saa hizo hizo kila siku. Fukuto la pwani linazidisha, kwa sababu hewa yenye unyevu mwingi inakataa kupokea jasho. Linabaki ngozini tu.

Umesema kitanda chako kimegusa ukuta wa magharibi. Kitoe leo. Weka kando ya dirisha, au hata katikati ya chumba. Mchana funga dirisha na pazia upande wa jua, jioni nje kukipoa kuliko ndani ndipo ufungue kila kitu. Halafu angalia juu. Kwangu fundi alipoweka dari la jipsamu aliyaziba matundu ya hewa yaliyokuwa chini ya paa, na joto la bati likawa halina pa kutokea. Nilimwomba mwenye nyumba tuyazibue, tukayawekea wavu wa mbu. Hilo peke yake, pamoja na kuhamisha kitanda, lilishusha kipimo cha saa tano kutoka 31 hadi 29.

Feni haipozi hewa, inaondoa jasho ngozini, ndiyo maana kuiacha ikizunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme wa LUKU bure. Ikikupuliza vizuri, 28 unaihisi kama 26 au pungufu. Ielekeze miguuni, maana mishipa inayotoa joto iko huko. Na chandarua, Upendo, usikitoe. Najua kinazuia upepo na najua wenzako wanakivua miezi hii. Malaria ya Tanga haina likizo. Sogeza feni karibu, iongezee kasi, lakini kichomekee chini ya godoro kila usiku.

Godoro lako la sponji linashika joto mgongoni. Kama hela ya godoro la sufi haipo, tandika mkeka juu yake kisha shuka la pamba, uone tofauti. Hayo mashuka yanayoteleza ya nailoni mpe mtu wa Makete. Na kuoga: acha maji ya barafu. Maji baridi sana yanaifunga mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala.

Ukifanya yote haya na bado saa tano chumba kinasoma 30, basi tununue kiyoyozi, na mimi nitachangia kutoka mchezo wangu wa kupeana pesa wa mwezi wa nne. Hata hicho usikiweke 18. Kiweke 26, feni ikiwa inazunguka, ulale. Kila nyuzi unayoishusha unailipia umeme, na ukishafika 18 utaanza kutafuta blanketi la Njombe.

Kipimajoto changu nimekifunga kwenye bahasha ya khaki, nakutumia kwa basi la kesho asubuhi. Namba ya mzigo nitakuandikia. Kitundike mbali na dirisha, usawa wa kitanda. Niandikie kipimo cha saa tano na cha saa kumi na moja alfajiri, siku saba mfululizo, na saa uliyoamka.

Ni mimi rafiki yako,
Neema