Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Magego Tunayoyachonga

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha madaktari wa meno inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu mara moja kwa mwaka aeleze yaliyofanyika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na sitamwingilia; nitasema tu kwamba ada zinachelewa kama kawaida, na wanaochelewesha wanajijua. Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tarehe 20 Machi, tuliiadhimisha kwa kuwapima watoto wa shule za msingi, na kamati ya elimu inastahili shukrani kwa kazi hiyo. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja.

Mwaka huu tulikubaliana kukaguana kazi. Kila aliyependa alileta modeli ya plasta ya gego alilolichonga kwa ajili ya krauni, yaani kofia ngumu inayovishwa jino, bila jina la mgonjwa wala la daktari, tukazipanga mezani na kuwaalika mafundi wa maabara za meno. Nilidhani tungebishana kuhusu zikonia na posilini, vifaa vya kutengenezea krauni, au kuhusu skana mpya ambazo wengi wetu bado tunazitazama kwa mbali. Wapi! Fundi alikuwa anachukua modeli, anaigeuza kwenye mwanga, kisha anauliza: "Daktari, ukingo uko wapi?" Yaani mstari ambapo uchongaji unaishia na krauni inapokaa.

Chukueni modeli moja, gego la pili la chini kulia. Ukuta wa upande wa shavu ulichongwa vizuri kabisa. Ukuta wa upande wa ulimi ulikuwa umelala mno. Nyuma, ambako kioo hakikai sawasawa na mgonjwa ameshachoka kuachama, ukingo ulizama chini ya fizi, ukaja kuibuka upande wa pili ukiwa na makwaruzo kama meno ya msumeno. Fundi akaunganisha modeli ya juu na ya chini, akapima nafasi ya kutafunia. Kwenye vilele vya upande wa shavu, pale hasa panapobeba mzigo kwa magego ya chini, haikufika milimita 1. Krauni ya chuma yenye posilini inataka milimita 1.5 hadi 2 mahali hapo. Yaani jino lilikatwa sana lilikopaswa kubaki, likaachwa lilikopaswa kupungua. Sasa fundi afanye nini? Akiifanya krauni iwe nene itagonga. Akiifanya nyembamba posilini itapasuka, na lawama zitamfuata yeye.

Sababu si uzembe peke yake. Magego ya chini yameinamia upande wa ulimi, kwa hiyo anayeshika mashine wima anaula ukuta huo kuliko anavyodhani. Halafu kuna ile hofu yetu sote kwamba krauni itakataa kuingia, basi mkono unalaza kuta ili mambo yawe rahisi. Rahisi kuingia, rahisi kutoka. Mtafiti Jørgensen alionyesha tangu mwaka 1955 kwamba kadiri kuta zinavyozidi kuelekeana juu, ndivyo krauni inavyopoteza mshiko. Vitabu vya zamani vilidai mkusanyiko, yaani pembe kati ya kuta mbili zinazoelekeana, wa nyuzi 6 hivi, kiwango ambacho wachache hukifikia kinywani mwa mtu hai. Goodacre na wenzake, mwaka 2001, walipendekeza nyuzi 10 hadi 20, pamoja na kimo cha jino lililochongwa kisichopungua milimita 4 kwa magego. Baadhi ya kazi zilizokuwa mezani zilipita hapo waziwazi. Hazikuhitaji hata kupimwa. Krauni za namna hiyo ndizo mgonjwa anazoturudishia zimefungwa kwenye tishu, nasi tunalaumu simenti.

Gego likiwa fupi, dawa si kubadili simenti. Chonga mifereji kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma, krauni isiyumbe kwenda shavuni wala ulimini.

Wapo waliosema foleni ni ndefu, hakuna muda wa kupima. Sikubaliani nao. Kufumba jicho moja na kutazama jino kupitia kioo, ukiwa umbali wa sentimita 30 hivi, ni suala la sekunde. Ukitumia macho yote mawili, kuta zinazoingia ndani huonekana kana kwamba ziko sawa. Mgonjwa anaweza kung'ata kipande cha nta laini, nawe ukapima unene wake. Chapa ya silikoni ya jino inayochukuliwa kabla ya kuchonga inaonyesha umepunguza kiasi gani na wapi.

La maji ya kupoza jino wakati wa kuchonga nililigusa mwaka jana na nalirudia, kwa sababu bado nasikia kuna wanaochonga pakavu pampu ikisumbua. Watafiti Zach na Cohen, katika majaribio yao kwa nyani ya mwaka 1965, waliona joto la ndani ya jino likipanda nyuzi 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 ya viini vya meno havikupona. Kama maji hayatoki, ahirisha kazi.

Kamati ya utendaji inapendekeza ukaguzi huu ufanyike kila robo mwaka, na mafundi wawili wa maabara waingie kwenye kamati ya elimu wakiwa na haki ya kupiga kura. Najua wapo wanaoona fundi hana la kumfundisha daktari. Mimi naona ndiye anayeziona kazi zetu zote, nzuri na mbaya, na mpaka sasa hatukuwahi kumwuliza. Pendekezo hilo linagusa katiba, hivyo linahitaji kura zenu. Rasimu ziko mezani kwa katibu. Tafadhali zisomeni kabla ya mapumziko ya chai, tukirudi tupige kura.