Hamisi hahitaji mashine ya kuchora grafu

Dodoma, Jumapili asubuhi

Shoga yangu Mwajuma,

Assalam alaykum. Habari za hapo Tanga, mama hajambo, Shadya hajambo? Mimi mzima, alhamdulillah, ila nimetoka zamu ya usiku hospitalini na macho yananiwasha, kwa hiyo salamu za kila mmoja nitazitoa kwa simu. Nakuandikia kabla sijalala kwa sababu ujumbe wako wa sauti umenitia wasiwasi. Umesema unapokea upatu Ijumaa, na fedha yote unamtumia Idrisa amnunulie Hamisi, anayeanza masomo ya udaktari, kalkuleta ya kuchora grafu huko Houston, Marekani, kwamba udaktari hausomeki bila hiyo. Shoga, nakuomba usiitume. Kama Idrisa ameshaingia dukani, mpigie atoke.

Idrisa namwelewa, na najua anampenda Hamisi. Huko aliko watoto wa sekondari wanazo kweli, zile TI-84 za kampuni ya Texas Instruments, na mtihani wao wa hesabu wa AP Calculus una sehemu inayotaka kalkuleta ya grafu. Anaona kila kijana mwenye akili anayo mkobani, naye akaona na Hamisi asipungukiwe. Lakini hiyo ni hesabu ya sekondari. Vijana haohao wa Marekani wakitaka kuingia udaktari wanafanya mtihani unaoitwa MCAT, na mle ndani hawaruhusiwi kalkuleta yoyote, hata ile ndogo ya muuza duka. Wanakokotoa kwa kalamu. Muulize Idrisa kama analijua hilo.

Halafu Hamisi si anayo ile kalkuleta ya Casio aliyofanyia BAM, ile hesabu ya kidato cha tano na sita? Mwambie aifute vumbi aende nayo. Ina logi, ina vipeo, ina sehemu ya takwimu. Atakapofika kwenye pH, yaani kipimo cha uasidi, na asidi za damu katika baiokemia, hiyohiyo inamtosha. Mtihani wa kidato cha sita wenyewe uliruhusu kalkuleta isiyopangiwa programu, na chuoni kwetu wasimamizi walikuwa wanakagua mezani kabla karatasi hazijagawiwa. Mashine inayotunza maandishi na programu unaweza kunyang'anywa mlangoni, ukaingia mikono mitupu. Ndivyo unavyotaka aanze?

Nikwambie hesabu tunazozifanya, uone zilivyo. Usiku wa kuamkia leo kaletwa mtoto wa kilo 14, malaria kali. Artesunate, dawa yake ya sindano, kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 42. Kichupa cha miligramu 60 kikishachanganywa kwa kumpiga sindano ya mshipa kinakuwa mililita 6, yaani miligramu 10 kwenye kila mililita. Basi ni mililita 4.2, na jedwali la ukutani linapandisha hadi 5. Hapo umetumia kuzidisha na kugawanya, basi. Dripu vilevile: nusu lita iingie kwa saa 6, mrija unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone 28 kwa dakika. Unasimama na saa mkononi unayahesabu yakidondoka.

Sisemi kwamba hesabu hizo ni ndogo kwa uzito. Mwajuma, nukta ikiruka nafasi moja mtoto anapata dawa mara kumi. Kinachomkinga ni daktari anayejua jibu linapaswa kuwa wapi kabla hajabonyeza kitu. Mtu akiniambia mililita 42 nitamkatalia papo hapo, kwa sababu kichupa chote kina 6. Hizo nyingine kazitoa wapi? Kujua huko hakuna mashine inayokuuzia, iwe ya elfu kumi au ya dola zaidi ya 100. Hamisi akae na mama jikoni, amkadirie vipimo kwa kichwa kisha ahakikishe kwa kalamu. Nasema kwa dhati kabisa. Nimeona wenzetu wenye alama za juu wakiganda mbele ya nesi anayesubiri jibu.

Na grafu, nisije nikakwambia hakuna. Zipo tele, ila tunazichora kwa mkono. Kadi ya kliniki ya Shadya unayo kabatini. Ule mstari wa uzito unaopanda mwezi hadi mwezi ndio grafu yenyewe, na ukilala au ukishuka nesi anakuuliza mtoto anakula nini. Unakumbuka ulipokuwa leba, mkunga akija, anakupima, anarudi kuandika kwenye karatasi yenye mirabamiraba? Ile ni patografu, chati ya kufuatilia uzazi unavyokwenda. Njia ilivyofunguka inawekwa alama ya X, kichwa cha mtoto kilivyoshuka duara, mapigo ya moyo wa mtoto nukta kila nusu saa. Kuna mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja kwa saa, na kulia kwake, saa nne mbele, mstari wa kuchukua hatua. X zikianza kuegemea kulia unajua uzazi unachelewa, unaita mkubwa wako, unaandaa gari kama hospitali ya upasuaji iko mbali. Mwanamke anaokolewa na kalamu ya mtu aliyekuwa macho saa tisa usiku akaijaza kweli. Mimi karatasi ile naiheshimu kuliko kifaa chochote cha umeme kilichomo wodini.

Hata darasani ni hivyo. Mwaka wa kwanza kwenye fiziolojia atapewa mchoro wa jinsi hemoglobini ya damu inavyoshika na kuachia oksijeni, ule mstari wenye umbo la S. Hawatamwambia aupige kwenye mashine. Watamwambia auchore, kisha aeleze kwa nini unasogea kulia mtu akiwa na homa au damu ikizidi asidi. Akichora mwenyewe mara nyingi ndipo anaelewa kwamba misuli yenye joto inanyang'anya oksijeni kirahisi zaidi. Mashine ingemchorea, yeye angebaki anaitazama.

Takwimu za utafiti ndizo pekee zinazotaka nguvu ya umeme, na hizo zinafanyiwa kwenye kompyuta kwa programu za takwimu: SPSS, Stata, au R na Epi Info ambazo ni za bure. Akitaka kuona grafu kwa raha zake, programu ya GeoGebra ipo bure kwenye simu. Kwa hiyo kama fedha ya upatu lazima imwendee Hamisi, na wewe mwenyewe nakujua hutaila, mnunulie laptopu iliyotumika lakini nzima. Slaidi zote za walimu zitakaa humo. Ikibaki, koti jeupe la kitambaa kizito, maana yale mepesi yanachakaa upesi. Stetoskopu nzuri isubiri mpaka aanze wodi; mwaka wa kwanza ataivaa shingoni kupigia picha tu. Na kigodoro, shoga, vyumba vya hosteli si kama mlivyoambiwa.

Usingizi umenishika.

Sasa niambie: mkopo wa Hamisi umeshatoka, na kapewa asilimia ngapi? Anaripoti lini? Ana mtu wa kumpokea stendi au nimtafutie? Mama ameshaambiwa kwamba hii ni miaka mitano na mwaka wa intern, wa mazoezi hospitalini, juu yake, au bado anadhani ni mitatu? Mwalimu Mhina amempa yale madaftari ya zamani aliyoahidi? Na Idrisa utamwambia wewe au nimpigie mimi, maana nikimpigia mimi nitamwambia yote haya tena? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa ujumbe mfupi.

Mbusu Shadya.

Wako akupendaye,
Tatu