Gita lako lina mgongo mpya

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, bi mkubwa anakusalimu, embe zimekwisha. Umenipigia mara tatu sikupokea. Simu haikuwa na tatizo, ni haya tu.

Gita lako lilianguka. Basi, nimesema. Mtoto wa Mwanaidi alilivuta msumarini likatua kwa mgongo, ubao ukapasuka toka kitakoni hadi karibu na shingo. Nikalipeleka kwa fundi wa vitanda hapa mtaani (usicheke), akalibandika mgongo mpya wa mkangazi. Kazi safi, vanishi unajiona uso. Ila sauti, Hamisi!

Ule wa zamani ulikuwa mwembamba, kama milimita mbili na nusu, umebetuka kidogo kwa nje, na ndani una vijiti vinne vya kuushika, kama mataruma ya jahazi. Huu ni bapa, milimita sita, na vijiti kavitupa. Eti ubao wake hauhitaji mikongojo! Ukiugonga kwa kifundo cha kidole, wa zamani uliitika "ngo". Huu "du", kama mlango wa stoo. Zamani nikililaza tumboni (tumbo lenyewe unalijua) sauti ilififia, nikiuachia mgongo upumue, besi inajaa. Sasa nililaze nisililaze, mamoja. Mgongo hauchezi tena na hewa ya ndani, unairudisha tu. Nyuzi nyembamba zinalia kali, nzuri hata, lakini uzi wa sita, ule mnene wa besi, umekauka.

Najua utaniletea tena habari za Torres, yule fundi magita Mhispania, kwamba mwaka 1862 aliunda gita la mgongo na mbavu za karatasi ngumu kuonyesha kuwa uso, ule ubao wa mbele, ndio unaoimba. Haya. Uso wa gita lako haukuguswa hata kwa msasa. Mbona basi... Na masika hayo yanakuja, ubao usio na kijiti ukinywa unyevu utajikunja utakavyo.

Fundi amekubali kuubandua, aupige randa hadi milimita tatu, arudishe vijiti. Uzi wa sita, wallahi, unaniuma.

Nimruhusu, au nilipakie basi nije nalo Bagamoyo kwa yule jamaa yako? Vijiti vichongwe kwa mti gani? Mgongo ubetuke kiasi gani? Nikurekodie kwenye simu usikie kwanza? Umekasirika? Na mjomba, umeshamwambia gita liko kwangu?

Wako,
Saidi