Jambo la mmoja msiliseme kwa mafumbo: barua kwa wasimamizi wapya

Wanangu mliokabidhiwa watu mwaka huu,

Nimestaafu baada ya kusimamia watu miaka 27, na kosa ninalolijutia kuliko yote si la ukali. Ni la mafumbo.

Mtunza ghala wetu alikuwa akijaza leja mara moja kwa wiki badala ya kila mzigo unapotoka, na hesabu hazikulingana. Niliona tangu mwezi wa kwanza, nikaona haya kumwambia kwa kuwa alinizidi umri. Mwezi wa tatu nikasimama kikaoni, nikasema, "Wapo humu wanaofanya kazi kwa mazoea, na wanajijua." Mtunza ghala akatikisa kichwa kuniunga mkono! Aliyenifuata ofisini jioni, macho mekundu, ni karani wa mapokezi, mtu makini kuliko sisi sote. Alitaka kujua amekosa nini.

Jambo la mtu mmoja mwambieni yeye, faraghani, na mapema. Ukilimbikiza miezi mitatu humwambii tena kosa la juzi, unamtapikia miezi yote mitatu. Naye atakuuliza, tena kwa haki, mbona siku zote ulikuwa ukimchekea.

Hatimaye nilimwita mtunza ghala. Salamu ni lazima, lakini msizivute kwa kuulizia watoto, shamba na mvua ilhali mwenzenu anajua ameitwa kwa jambo. Ni kumtesa. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuita kuhusu leja. Maboksi 12 yalitoka tarehe 4, yakaandikwa tarehe 9." Ningemwita mzembe angetetea utu wake. Kwa kuwa nilimtajia tarehe, alieleza kazi.

Kisha nikanyamaza, na hapo ndipo pagumu. Kimya cha nusu dakika hutuwasha sisi wakubwa, tukaanza kuuliza na kujijibu wenyewe. Nilipovumilia akaniambia leja hufungiwa kabatini kwa mhasibu, na ufunguo hapewi mpaka Ijumaa. Utaratibu huo niliuweka mimi.

Si kila mazungumzo yatakuwa mepesi hivyo. Mtu akilia, mpeni nafasi, ila msiubadili ukweli ili tu anyamaze. Akifoka, shusheni sauti. Ikishindikana, ahirisheni hadi kesho na mtaje saa. Na msiahidi siri msiyoweza kuitunza: akianza kueleza unyanyasaji au hatari kwa wenzake, mwambieni mapema kwamba hilo mtalazimika kulifikisha mbele. Mkimaliza, andikeni mliyokubaliana naye ayasome. Ujumbe wa simu uwe wa kupanga muda tu. Karipio lililoandikwa usiku husomwa mara kumi, na kila mara kwa sauti kali zaidi ya ile uliyokusudia.

Leja ilihamia ghalani wiki ileile. Karani nilimwomba radhi, akaipokea kwa upole. Ila kwenye vikao vyangu hakukaa tena viti vya mbele.

Mzee wenu