Harambee ya Vali ya Moyo, Majengo

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa majirani zetu wa upande wa kanisani.

Twaandika kwa haya, maana juzi tu tulipita milango hiyo hiyo kwa ajili ya paa la madrasa, na mlitoa. Lakini hili halingojei. Binti yetu wa gredi ya 6 hawezi tena kulala kama watoto wengine. Hulala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akijinyoosha tu pumzi humbana. Mamake, yule muuza mahamri wa karibu na msikiti, hukesha akimsikiliza, na alfajiri yuko jikoni.

Ugonjwa ulianzia kooni. Koo la utotoni halikutibiwa sawasawa, likaleta homa ya viungo, nayo ikaharibu vali ya moyo, ule mlango mdogo unaopitisha damu upande mmoja tu. Sasa lazima ibadilishwe kwa upasuaji. Wenye watoto, koo likiuma pamoja na homa msiishie kwenye tangawizi na asali. Mpelekeni mtoto kituo cha afya. Penisilini ni bei rahisi.

Wengi mmetuuliza: upasuaji wa saa chache, vipi uwe ghali hivi? Ni haki yenu kuuliza. Ili vali ibadilishwe, moyo lazima usimamishwe, na muda huo wote mashine ndiyo inayosukuma damu na kuitia oksijeni. Mashine ni ya hospitali, lakini mirija yake na kile chombo cha kuitia damu oksijeni hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa. Vali yenyewe yatoka ng'ambo, na dola ikipanda nayo hupanda. Ongezeni daktari mpasuaji, daktari wa usingizi, mtaalamu wa kuendesha ile mashine, na wauguzi.

Kisha ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, na hapo hakuna daktari awezaye kutupa hesabu kamili. Ni muuguzi wa kukaa naye usiku na mchana, mashine ya kupumulia, damu kupimwa tena na tena. Akitoka baada ya siku mbili, tumeshukuru. Akikaa kumi, bili ni nyingine kabisa. Na vali ya chuma yataka dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Bima ina kiwango chake. Kinachobaki ni chetu.

Arusi ikitangazwa hapa Majengo, kamati hujaa jioni moja na pilau haikosi nyama. Daftari la binti huyu lina majina machache, na baadhi ya walioahidi bado hawajatimiza. Wanajijua, na twawaomba kwa heshima.

Tukutane Jumamosi baada ya Alasiri, uwanja wa madrasa. Hata shilingi 50 itaandikwa. Pesa zote zitalipwa moja kwa moja hospitalini, risiti zitabandikwa ubaoni, na kitakachobaki ni cha dawa zake. Asiye na pesa lakini ana afya, aje ajiandikishe kutoa damu. Mwekahazina atakuwa mlangoni na daftari la pili kwa ajili hiyo.