Kuni za shule zinatumalizia miti

Mhariri,

Naandika kuhusu kuni zinazopikia posho (ugali) na maharage katika shule zetu hapa Uganda. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 1997, wanafunzi wameongezeka sana, na masufuria pia. Lori likishusha kuni, nani huuliza miti imekatwa wapi? Wapishi nao hukohoa kutwa kwa moshi, huku darasani, hatua chache tu kutoka jikoni, watoto wakifundishwa somo la afya.

Bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024, lakini kupikia umeme shule ya kijijini bado ni ndoto. Kwa sasa, Wizara ya Elimu isaidie kila shule kujenga jiko banifu, yaani linalotumia kuni chache, lenye dohani, na shule zenye ardhi zipande miti yao ya kuni.

Msomaji,
Masindi