Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Suala la Makao Makuu

Ndugu wanachama,

Kilichokula vikao vingi vya kamati mwaka huu ni makao makuu ya taasisi ya kimataifa tunayoianzisha pamoja na serikali. Kura bado, kwa sababu miji yote inayoomba imekuja na picha za majengo tu.

Jengo la bure ni la miaka mingapi? Umeme, ulinzi na paa likivuja ni juu ya nani? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia Arusha 2007 ikapewa ofisi za muda kwenye majengo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania. Zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuwa bado humo. Mji haukuwa na kosa. Ahadi ya jengo isiyo na tarehe ndiyo hufika huko.

Kizito zaidi ni mkataba wa uenyeji, yaani makubaliano ya taasisi na nchi mwenyeji kuhusu haki na misamaha yake. Tunataka rasimu yake kabla ya kura, maana mji ukishashinda hauna haraka tena. Itamke kama fedha za kigeni zitaingia na kutoka bila kibali, na kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inasamehewa papo hapo au inarejeshwa baadaye. Marejesho yakikawia, bajeti ya uendeshaji inakwama hazina. Visa zitolewe kwa wajumbe wa nchi zote, hata zisizoelewana na mwenyeji. Vibali vya kazi vya wenzi wa watumishi hudharauliwa sana, mpaka mtaalamu akatae ajira kwa ajili hiyo. Saini nayo haitoshi: Kenya, kinga ya kisheria ya taasisi kama hii hutolewa kwa amri ya waziri inayochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, chini ya Sura ya 179 ya sheria za nchi hiyo.

Kura iwe ya mchujo, mji wenye kura chache zaidi ukitoka kila duru hadi mmoja upite nusu. Wapo wanaotaka tugawane kama IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, 2009: makao Abu Dhabi, kituo cha uvumbuzi na teknolojia Bonn, ofisi ya uhusiano Vienna. Wale walikuwa na wenyeji wenye mifuko mirefu. Sisi ofisi tatu hatuziwezi.

Kuhusu muda, Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulichagua Songdo, Korea Kusini, Oktoba 2012, sekretarieti ikahamia Desemba 2013. Kodi ya ofisi ya muda iwekwe kwenye bajeti ya mwaka mzima, na ziada.

Mji ambao haujaleta rasimu siku 30 kabla ya mkutano mkuu hautaingia kwenye karatasi ya kura.